Kiti cha Kushoto

Jambo la kwanza alilolitambua Rafaeli Masatu asubuhi ile ni kwamba kiti cha abiria kilikuwa na joto.

Alikuwa ameingiza mkono kupitia dirisha la kushoto na kukiegemea kwa kiganja ili achungulie pedali. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kivulini, chini ya ukuta wa kituo, tangu kabla ya jua kupanda, na dereva wake alikuwa amekaa kwenye jiwe mbali nayo, akitafuna mua. Joto lenyewe halikuwa la jua. Lilikuwa joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi kukupisha. Rafaeli akautoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akaandika kwenye fomu: Viti, vizuri.

Alikuwa sajenti wa polisi, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja wa kukagua magari hapa Musoma. Kwa miaka mingi kati ya hiyo, kazi yake ilikuwa kukataa. Vipuri havikuwepo, matairi hayakuwepo, watu waliendesha magari yenye taa zilizofungwa kwa waya na tairi zilizoshindiliwa majani. Yeye aliandika "halifai", dereva akasema ndiyo afande, kisha gari likatoka kwa lango lile lile na kuendelea na safari, maana pamba ilikuwa lazima ifike na mgonjwa ilikuwa lazima afike. Hakumlaumu mtu. Alizoea. Mwaka jana mkewe Esta alipofariki, aligundua kwamba hata hilo aliweza kulizoea, na ugunduzi huo ndio uliomtisha kidogo, kisha nao akauzoea.

Sasa ilikuwa themanini na tano, na bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani. Magari yaliyokuwa juu ya mawe yalianza kuteremshwa. Pikapu hii ilikuwa ya Bernado Nyamhanga, mwenye duka upande wa Butiama. Ilikaa miaka miwili juu ya mawe, ikavishwa tairi mpya, na tangu basi la njia ile life, ndiyo iliyokuwa gari pekee huko.

Na huko ndiko alikoolewa Ursula, mtoto pekee wa Rafaeli. Mtoto wa mimba yake ya kwanza alitolewa kwa kisu na hakuishi. Daktari alimwambia waziwazi kwamba ya pili asithubutu kuizalia nyumbani, kovu litaachia. Siku zake zilikuwa zimekaribia. Gari la kituo lilikuwa juu ya mawe tangu Pasaka. Dereva wa pikapu, Burito, alikuwa amekuja na ujumbe wa binti huyo: mwambieni baba, pikapu ikipita ukaguzi, Jumamosi itanileta. Isipopita, ilibaki baiskeli, na barabara aliyoijua mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, Rafaeli alitaka gari lipite.

"Afande, hilo nalo usilifungue sana," alisema Koplo Chacha, aliyekuwa amekaa kibandani na mihuri yake. "Wanasema Bernado alilinunua pwani pamoja na jini lake. Ukimkuta chini ya boneti, muulize kama ana leseni."

Habari za jini Rafaeli alikuwa amezisikia. Madereva watatu walikwisha kuiacha pikapu ile tangu iteremshwe, na watu walisema ni jini la mali, linalodai damu kila mwaka. Yeye alikuwa Mkatoliki wa Makoko, mtoto wa mvuvi. Majini aliyaona kama jambo la watu wa mbali. Alimwita Burito, akafungua boneti.

Hapo ndipo harufu ilipompata. Sabuni. Harufu kali, mpya, kama mche umekatwa sasa hivi. Akatikisa kichwa, kwani ujanja huo aliujua: siku za uhaba, mafuta ya breki yalipokosekana, madereva walijaza maji ya sabuni, na breki zikashika siku tatu. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akakisugua, akanusa. Yalikuwa mafuta halisi. Harufu ilikuwa inatoka ndani, kule kwenye kiti.

"Umebeba sabuni?" aliuliza.

"Hapana, afande." Burito hakumtazama. "Sijabebaga tena sabuni."

Shimo la kukagulia lilikuwa limejaa maji ya mvua, hivyo Rafaeli alikagulia ardhini, chali juu ya katoni. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kama alivyofanya siku zote, akavuta handibreki mwenyewe, akalala na kujisukuma hadi chini ya injini. Akamwamuru Burito apande akanyage breki. Burito akakanyaga. Akamwamuru aachie. Akaachia. Mabomba yalikuwa makavu, springi nzima, kila kitu mahali pake. Akamwambia ashuke aje kutikisa gurudumu la mbele, akaona katambuga za tairi za Burito zikishuka chini na kuja kusimama karibu na kichwa chake.

Ndipo juu yake, upande wa kushoto, kitu kikagonga bati mara mbili.

Kila aliyepanda nyuma ya pikapu anaujua mlio huo. Mara moja ni simama. Mara mbili ni twende. Rafaeli aligeuza kichwa. Viatu vya Chacha vilikuwa kule kibandani, kimoja juu ya kingine. Katambuga za Burito zilikuwa hapa, na vidole ndani yake vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyesimama kwenye maji baridi.

"Burito. Nani yuko ndani?"

Bati likagongwa tena, mara mbili, bila haraka, na Rafaeli akaiona kebo ya mafuta ikivutika, taratibu, mpaka mwisho, kisha ikaachia, kisha ikavutika tena, kama mguu wa mtu asiyejua kuendesha lakini aliyetazama dereva akifanya, na baada ya hapo akasikia meno ya handibreki yakiachia moja moja, na waya wake ukalegea juu ya uso wake, na gari zima likashusha pumzi, likasogea, likaubana mkono wa shati lake ardhini, likalala juu ya jiwe na kubaki pale likisukuma.

Jiwe lilishika. Rafaeli akararua shati, akajitoa. Ndani ya gari hakukuwa na mtu. Handibreki ilikuwa chini.

Alijipangusa vumbi, akaokota fomu. Akaandika: Breki, nzuri. Springi, nzuri. Akaitafuta sehemu ya kuandika yale mengine, na fomu haikuwa nayo.

Chacha alikuwa ameacha kucheka. Alidhani dereva ndiye aliyegonga, alisema, halafu akamwona dereva amesimama nje. Rafaeli akamshika Burito mkono, akampeleka nyuma ya kibanda, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba muhuri hautagonga karatasi ile mpaka aseme ni nani. Hakumtishia. Alimweleza tu kwamba Jumamosi mwanawe angekaa kwenye kiti kile.

Burito alisimulia akiwa amekiangalia kipande cha mua mkononi. Miaka miwili nyuma, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, yeye ndiye aliyekuwa dereva. Siku moja alipakia katoni tatu za sabuni ya magendo chini ya turubai, na kabla hajaondoka wakamletea mwanamke mwenye uchungu wa siku mbili, aitwaye Nyangi, binti wa mama mmoja mjane anayeitwa Wankyo. Peke yake, walisema ndugu watafuata kwa miguu. Alimweka kiti cha kushoto. Walipokaribia mji aliambiwa na mwendesha baiskeli kwamba askari wapo kizuizini, wanapekua mpaka ndani ya tairi. Akasimama kabla ya kona, akaanza kubeba katoni moja moja kuzificha kwenye matete. Muda wa rozari moja, alisema, labda na nusu. Aliporudi na mikono mitupu, mwanamke alikuwa amekwisha.

"Alikuwa anagonga, afande," Burito alisema. "Nilikuwa namsikia kule kwenye matete. Alikuwa anagonga bati. Nikasema katoni moja tu, nikasema naja."

"Kwao ulisemaje?"

"Nilisema alikata roho tulipovuka mto. Mapema. Nikasema hapakuwa na la kufanya."

Sasa Rafaeli alielewa, na mtu yeyote wa Mara angeelewa. Anayefia njiani haachwi njiani. Ndugu huenda pale pumzi ilipoishia, wakaweka tawi chini, wakamwita jina, wakalibeba tawi hadi nyumbani na kulichomeka kaburini, naye hulifuata. Watu wa Wankyo walikwenda mtoni. Walimwita pale walipoambiwa. Kule mtoni walikuwa wameita maji na mawe. Nyangi mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kiti, kilomita kumi na tano mbele, akisubiri dereva amalize kushusha mzigo.

"Tunakwenda kwa mama yake," alisema Rafaeli. "Leo."

Burito aliendesha. Rafaeli alipanda nyuma, akasimama ameshika bomba la juu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini. Kila waliposimama, kwa ng'ombe au kwa shimo, bati liligongwa mara mbili.

Wankyo walimkuta anaanika mtama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye watu wa pale walimwita wanapotaka mtoto mgonjwa aombewe au mwenye pepo atulizwe, ingawa Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani na padri hakumwuliza kitu. Burito akapiga magoti, akasema yote. Wankyo aliendelea kutandaza mtama kwa kiganja mpaka ukalingana. Kisha akauliza swali moja.

"Alisema nini?"

"Alisema twende, mama. Hakusema kingine."

Wankyo aliitikia kwa kichwa, kama aliyeletewa salamu. Rafaeli akamsihi amwite sasa, hapo hapo, kwenye gari. Tawi lingekatwa, kila kitu kingefanyika. Mama yule akaitazama pikapu kwa muda mrefu.

"Mtu aliye safarini humrudishi, baba. Miaka miwili huyu hajafika. Utamwita arudi wapi?"

Kabla Rafaeli hajajibu, mtoto wa jirani alikuja mbio kuwaambia kwamba wameonekana na gari, na kwamba mke wa yule wa mgodini, Ursula, uchungu umemshika tangu saa nne na wanatafuta baiskeli.

Walitandika godoro nyuma. Ursula aliletwa akiwa ameshikwa kwapa huku na huku, jasho likimtoka, akamwona baba yake na shati lake lililoraruka, akajaribu kutabasamu. Mama mkwe wake, aliyekuwa amesikia habari za jini kama kila mtu, akanong'ona kwamba asipandishwe humo, heri afie ndani. Rafaeli alimtazama binti yake, akatazama kile kiti, akapima kama alivyopima matairi maisha yake yote: hili halifai, na lingine halipo.

Wankyo alifungua mlango wa kushoto. "Sogea kidogo, Nyangi," alisema, akaingia, akakaa pembeni kabisa, bega lake mlangoni, akiacha nafasi ya mtu katikati.

Wakaondoka. Mpaka mtoni mambo yalikuwa shwari. Ursula alilala ameikamata mikono ya baba yake, akiuma kitambaa. Baada ya mto bati likaanza kugongwa hata gari likiwa mwendoni.

"Baba, nani anagonga?"

"Ni mimi," alisema Rafaeli, mikono yake yote miwili ikiwa mikononi mwa mwanawe.

Walipokaribia ile kona yenye matete, Burito alisimama. Hakusema kwa nini. Injini ilizimika, akafungua mlango, akashuka, akapiga magoti kando ya barabara akiwa ameziba masikio, na mabati yote ya pikapu yakaanza kugongwa, mbele, pembeni, chini ya godoro, mbili na mbili na mbili, mpaka Ursula akapiga ukelele ambao haukuwa wa uchungu tena, na Rafaeli akaona damu ikitambaa kwenye shuka jeupe.

Akaruka chini. Akamshika Burito kwa kola, akamtupa nyuma amshike Ursula kichwa, akaingia kwenye usukani. Harufu ya sabuni ilimjaa kinywani hata akaionja, na ndani yake palikuwa na harufu nyingine aliyoikumbuka kutoka wodi ya wazazi, nzito kama ya chuma kilicholowa, na upande wake wa kushoto, katikati yake na Wankyo, palikuwa na joto linalopanda na kushuka kama mbavu za mtu anayehema kwa shida, na alipogeuza ufunguo injini ikawaka kabla hajaumaliza kuugeuza, na aliposhusha mguu kwenye pedali ya mafuta akakuta imekwisha kanyagwa, iko chini tayari, na juu yake pakiwa na kitu laini, chenye vifundo, hivyo akaweka mguu wake taratibu kama anayeweka mguu juu ya mguu wa mtu, akaubonyeza, nao haukujitoa, wakaenda hivyo, wawili juu ya pedali moja, akisema Salamu Maria bila kufika mwisho, huku Wankyo akinong'ona kwa lugha ya kwao maneno ambayo Rafaeli aliyaelewa kwa sauti yake tu, maneno yanayosemwa na kila mama kwa mtoto anayelia kwamba njia ni ndefu: tunafika, tunafika, tunakaribia kufika.

Kizuizini askari waliona sare na mwendo, wakainua mti.

Hakukumbuka kupita mtaa wa Nyakato. Alikumbuka mlango wa hospitali, manesi na machela, Ursula akipita mbele yake macho yakiwa wazi. Alikumbuka kwamba mlango wa kushoto ulifunguliwa, Wankyo akashuka, akaushikilia wazi kwa muda, kama unavyoshikilia mlango kwa mtu anayeshuka kwa shida, kisha akaufunga.

Mkunga wa zamu aliitwa Getruda, mtu mzima, mkali kidogo. Alitoka baada ya dakika chache kuchukua jina la binti. Akaandika. Kisha akauliza yule mwingine naye anaitwa nani, yule aliyeingia kwa miguu yake, maana amejilaza kitanda cha mwisho na hasemi.

Wankyo ndiye aliyejibu. "Nyangi," alisema. Getruda akaandika, akarudi ndani.

Wakakaa kwenye benchi. Jua lilikuwa linaondoka kwenye sakafu. Burito alikuwa nje, hakuingia. Rafaeli alikaa na mikono yake mapajani, ikiwa na damu ya mwanawe iliyokwisha kauka. Alidhani angeogopa. Hakuogopa. Alisubiri, kama alivyosubiri usiku ule wa Esta, na tofauti ilikuwa kwamba safari hii alijua anachokisubiri.

Mtoto akalia.

Ilikuwa sauti ya kawaida, kavu, yenye hasira. Rafaeli akainamisha kichwa. Na kabla hajakiinua, mtoto mwingine akalia, upande wa mwisho wa wodi, sauti ndogo zaidi, kama inayotoka mbali au chini ya kitu. Zikalia pamoja kwa muda. Kisha ya pili ikanyamaza, kama mtoto aliyepewa titi.

Getruda alitoka bila kofia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejitahidi kuutuliza. Alimwambia Rafaeli kwamba binti yake ameshonwa, yu hai, na mtoto ni mmoja, wa kiume, mzima. Alirudia neno mmoja. Kuhusu kitanda cha mwisho hakusema lolote, ila mikono yake iliendelea kujifuta kwenye aproni, na Rafaeli, ambaye mwenyewe alikuwa ameandika "Breki, nzuri" asubuhi ile, hakumwuliza.

Wankyo akasimama. Akaifungua kanga aliyojitanda, akaikung'uta, akaingia wodini bila kuomba ruhusa, na mkunga akampisha. Hakukaa. Alipotoka alikuwa ameinama kidogo mbele na kanga ameifunga mgongoni, fundo juu ya kifua, kama inavyofungwa na kila mwanamke mwenye mtoto. Mgongoni hapakuwa na kitu. Lakini kitambaa kilikuwa kimening'inia, kimevutika, na chini yake palikuwa pamebonyea mviringo.

Rafaeli akamwambia kwamba gari lipo, kwamba ataendesha mwenyewe hadi Butiama, hata usiku.

"Hapana, baba Ursula," alisema Wankyo. "Huyu gari limemtosha. Tutatembea."

Akateremka ngazi, akapita kando ya pikapu bila kuitazama, akashika barabara. Hakutembea katikati ya njia. Alijiweka ukingoni, akiacha nafasi ya mtu mmoja mkono wake wa kulia. Rafaeli alimtazama mpaka alipofika langoni. Pale alisimama, akalegeza fundo, akainama zaidi, akatikisa mabega mara moja na kulifunga tena juu kidogo, kama afanyavyo mama yeyote ambaye mtoto ameanza kumteleza mgongoni.